Nani Alibeba Unga? Hesabu Inayorukwa Katika Hadithi za Vita

Wiki moja ya Novemba 1917 inatosha kupima karibu kila kinachosimuliwa kuhusu Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Tarehe 21 meli ya angani (zepelini) ya Kijerumani, L59, iliondoka Jamboli huko Bulgaria ikiwa na shehena ya tani 15 hivi kwa ajili ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika koloni lililokuja kuitwa Tanganyika. Tarehe 23, ikiwa imekwisha kufika magharibi ya Khartoum, iliamriwa irudi. Tarehe 25 Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji na kuwatwanga Wareno pale Ngomano. Na katika siku hizo hizo afisa wake, Theodor Tafel, aliyekuwa akishuka kutoka Mahenge ili aungane naye, alisalimu amri akiwa na askari zaidi ya 1,000 pamoja na wapagazi wao. Hakushindwa kwa risasi. Chakula kiliisha.

Wapenzi wa historia ya kivita hulipenda tukio la kwanza, hulisifu la pili, na la tatu hulitaja kwa nusu sentensi. Ni kosa, kwa sababu la tatu ndilo linaloyaeleza mengine yote. Tafel na Lettow-Vorbeck walikuwa na askari wa aina moja, waliofunzwa namna moja, wenye bunduki za aina moja. Mmoja alilifikia ghala la adui, mwingine hakulifikia. Ukitaka kuandika kitabu juu ya akili ya pekee ya jemadari, jambo hili linakera, ndiyo maana hupewa nafasi ndogo.

Historia za vita zinazouzwa sana na bunilizi za kisayansi zenye majeshi ya angani zina upungufu mmoja: majeshi yake yanakwenda, yanapigana, yanafanya hila, lakini hayali. Msomaji anajua jina la kila manowari na unene wa kila bomba la mzinga, ila hajui unga ulifikaje. Na katika vita vya Afrika Mashariki, unga ndio uliokuwa vita vyenyewe.

Tufanye hesabu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hadi 30, tushike 25. Posho yake ni kama kilo moja ya unga kwa siku. Kilomita 20 kwa siku katika njia ya porini ni mwendo mzuri. Sasa mpeleke kilomita 200 kutoka relini: siku 10 kwenda, siku 10 kurudi. Kama njiani hakuna pa kupata chakula, atakula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe na kukabidhi kilo 5. Askari 1,000 wanaokula kilo moja kila mmoja wanahitaji tani moja kwa siku, yaani wapagazi 200 wanaowasili kila siku inayokuja kwa Mungu. Kwa kuwa kila safari ni siku 20, lazima wawepo wapagazi 4,000 njiani wakati wote. Hapo bado hatujabeba risasi, dawa, hema wala majeruhi, na tumejifanya hakuna anayeugua. Mmoja kati ya watano akilala, daftari linadai majina 5,000. Sogeza askari hao hadi kilomita 250, na mpagazi atawasili mikono mitupu: mzigo wote umekuwa chakula chake.

Dawa ipo, na makamanda waliijua. Unaweka vituo kila mwendo wa siku moja. Mpagazi anabeba mzigo kamili leo hadi kituo cha pili, kesho anarudi mtupu, keshokutwa anaanza tena. Kwa kila kilo 25 anazosogeza hatua moja, anakula kilo 2. Kwa hatua 10 za namna hiyo, tani moja ifikayo mwisho inahitaji tani 2.2 hivi ziondoke relini, na wapagazi wanashuka kutoka 4,000 hadi 1,160 au karibu na hapo. Umbali haujabadilika hata kidogo, wala chakula cha askari. Kilichobadilika ni kwamba hakuna anayebeba posho ya kurudia kwa siku kumi mfululizo.

Lakini kituo si alama kwenye ramani. Kinataka paa, maana unga ukinyeshewa hushikana mabonge, huchacha, na siku ya tatu haufai hata kwa uji. Kinataka mtunza ghala anayejua kuhesabu, walinzi, mpishi, maji, na mtu wa kuwarudisha kazini waliopona. Zaidi ya yote kinataka muda. Jeshi likikimbia mbele kuliko vituo vyake, hesabu inarudi pale pale kwenye wapagazi 4,000, tena bila onyo. Hilo ndilo lililomkuta Jan Smuts, jenerali wa majeshi ya Waingereza, mwaka 1916. Mwezi Machi alikuwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwishoni mwa Agosti alikuwa Morogoro. Mapema Septemba Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kwenye ramani ni ushindi wa kupendeza. Chini ya ramani, askari wake walikuwa wakila nusu posho, wengine chini ya hapo. Jaap van Deventer, afisa wake aliyetumwa pamoja na wapanda farasi hadi Kondoa Irangi mwezi Aprili, alifika, mvua ikafunga njia nyuma yake, na kikosi kikakaa kikingoja chakula badala ya kumfuata adui.

Farasi, nyumbu na ng'ombe walijaribiwa, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa sababu ya mbung'o. Farasi aliyeingia ukanda wa mbung'o alihesabiwa wiki chache tu. Magari yalisaidia wakati wa kiangazi, mvua ikaja ikayazamisha kwenye tope jeusi. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu.

Hapo ndipo inapofaa kuirudia L59, kwa sababu ndicho kisa kinachopendwa zaidi na waandishi wa historia mbadala, yaani hadithi za "ingekuwaje kama". Kinavutia kweli. Meli hiyo ilikaa hewani saa 95 na kwenda kilomita 6,757 bila kutua. Kama ingefika, isingerudi tena Ulaya, kwa sababu huku hakukuwa na gesi ya haidrojeni ya kuijaza; mpango ulikuwa ivunjwe, kitambaa chake kifanywe mahema na nguo, mbavu zake za aloi ya alumini zifanywe milingoti ya redio. Swali linaloulizwa kila mara ni hili: je, ingefika?

Ingefika ingekuwa na tani 15. Kwa mizigo ya kilo 25, hiyo ni mizigo 600. Wapagazi 600 wa kuihamisha wanakula kilo 600 kwa siku. Safu ya Lettow-Vorbeck wakati huo, ukijumlisha Wajerumani, askari, wapagazi, wanawake na watoto, ilikuwa na maelfu ya watu, tuseme 5,000. Hata kama shehena yote ingekuwa unga, ingekwisha kwa siku tatu. Lakini haikuwa unga. Ilikuwa hasa risasi, bombomu (bunduki za rashasha), dawa na vipuri, vitu ambavyo havilimwi shambani. Hoja hiyo ina uzito, na watetezi wa L59 huitegemea. Tatizo ni Ngomano. Kwa pigo la siku moja dhidi ya ngome ya Wareno iliyolala, Lettow-Vorbeck alipata bunduki mamia kadhaa, bombomu kadhaa na risasi takriban robo milioni, na zaidi ya hapo akapata watu wa kuzibeba. Kile ambacho meli ya angani ilikuwa ikivuka bara kukileta kilikuwa kimewekwa ng'ambo ya mto, kikilindwa vibaya. Mwandishi wa historia mbadala anayeifikisha L59 salama amebadilisha jambo lisilobadilisha kitu. Aliyeiimarisha ngome ya Ngomano kwa kombania mbili na handaki la maana ndiye angebadilisha mwaka mzima wa 1918. Ila nani atachora jalada la kitabu lenye handaki?

Tanga ina ugonjwa uo huo. Vita vya Novemba 1914 vinajulikana kwa nyuki. Nyuki walikuwepo, waliuma pande zote mbili, na uvumi kwamba Wajerumani waliwatega kwa nyaya ulisambaa hadi magazetini Uingereza. Lakini Waingereza walileta watu 8,000 hivi dhidi ya watu 1,000 hivi, wakaondoka na hasara ya zaidi ya 800 waliokufa na kujeruhiwa, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na mamia ya maelfu ya risasi. Huhitaji nyuki kueleza hilo. Vikosi vya India vilikuwa vimekaa baharini wiki kadhaa vikitapika, vingine havijawahi kufanya mazoezi pamoja. Kapteni Caulfeild wa manowari ya Fox aliingia kwanza kutangaza kwamba makubaliano ya kutoshambulia yamefutwa, kisha muda ukapotea kwa kutafuta mabomu baharini ambayo hayakuwepo. Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, akateremsha watu Ras Kasone, kwenye vichaka na mashamba, usiku, bila kutuma wapelelezi wa maana. Wakati huo treni zilikuwa zikishuka kutoka Moshi, kilomita 352 za reli ya Usambara, zikiwa na kombania za askari waliolala na kula. Ondoa nyuki, matokeo ni yale yale. Ondoa reli, Tanga inaanguka tarehe 3 Novemba.

Sasa sifa kubwa ya Lettow-Vorbeck: kwamba hakushindwa. Alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, akiwa na Wajerumani 155 na askari wa Kiafrika 1,168. Machi 1919 alipita na watu wake kwenye lango la Brandenburg mjini Berlin akishangiliwa. Uhodari wake wa kivita si wa kubishaniwa, lakini hata vitani kuna hesabu. Mahiwa, Oktoba 1917, aliwaua na kuwajeruhi Waingereza mara kadhaa ya hasara yake, na bado ndiye aliyeumia zaidi, kwani wao waliweza kujaza nafasi na yeye hakuweza. Mwezi mmoja baadaye alikuwa akivuka Ruvuma akiwaacha wagonjwa wake nyuma.

Na madai kwamba aliwashika huku majeshi ambayo yangepelekwa Ufaransa yanahitaji kuangaliwa vizuri. Waliompiga miaka miwili ya mwisho walikuwa hasa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, waliopanda kutoka kama 2,400 mwaka 1914 hadi 35,000 hivi mwaka 1918, pamoja na Wanigeria, watu wa Gold Coast (leo Ghana), Wahindi, na Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, iliyokuwa imeitwaa Tabora Septemba 1916. London haikuwa na mpango wa kupeleka vikosi vya Waafrika kwenye mahandaki ya Ufaransa. Meli zilitumika, fedha zilitumika, hilo kweli. Lakini mgawanyo wa majeshi huko Ulaya haukutikisika kama kumbukumbu zake zilivyotaka watu waamini.

Swali gumu zaidi ni alivyokula. Hakuwa na reli baada ya 1916, hakuwa na vituo, na kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu, jeshi lisilo na vituo haliwezi kukaa kilomita 250 kutoka ghalani. Basi alikuwa akikaa juu ya ghala lenyewe: ghala la mwanakijiji. Kila siku chache safu ilihamia kwenye mashamba mengine, ikachukua mahindi, mtama, mihogo, mbuzi, na vijana wa kubeba. Ludwig Deppe, daktari katika jeshi hilo hilo, aliandika kwa uchungu kwamba nyuma yao walikuwa wakiacha vijiji vitupu na njaa, akafananisha na Vita vya Miaka Thelathini vilivyoiteketeza Ujerumani ya karne ya 17. Kwa hiyo hila ya kivita tunayoisifu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, namna ya kuhamisha gharama ya uchukuzi kutoka kwenye jeshi hadi kwenye kihenge cha mkulima.

Waingereza nao hawakuwa bora, walitofautiana kwa mpangilio tu. Ugogo lilipitiwa na pande zote mbili, kila moja ikichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Mvua zilipogoma, hakukuwa na akiba wala nguvu kazi. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 hivi. Idadi hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko jumla ya waliouawa kwa risasi Tanga, Mahiwa na Ngomano. Katika vitabu vingi vya vita hivi haimo hata kwenye faharasa.

Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao walizidi milioni moja kwa vita vizima. Vifo vilivyohesabiwa vinakaribia 100,000, na daftari zilikuwa na mapengo makubwa. Wengi waliuawa na sufuria, au tuseme kukosekana kwake. Mahindi yaliyosagwa kwa haraka hubaki na chenga ngumu na maganda. Yakipikwa saa nzima na zaidi katika maji ya kutosha, yanalika. Lakini mpagazi hufika kambini jua likizama, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa watu wengi, na alfajiri anaondoka. Anakula unga ulioiva nusu. Chenga zile zinakwangua utumbo, kuhara kunaanza, kisha kuhara damu, na mtu anayehara habaki na nguvu ya kupambana na malaria wala kichomi anapolala bila blanketi kwenye baridi ya nyanda za juu. Waliotoka nchi za ndizi na viazi, kama Uganda, waliumia mapema, kwa kuwa matumbo yao hayakuwahi kuzoea mahindi. Oscar Watkins, aliyeongoza idara ya wapagazi kutoka Nairobi, alilalamika juu ya mambo haya, na palipokuwa na wapishi maalumu, unga laini na blanketi vifo vilipungua. Haya ndiyo mabadiliko ambayo mwandishi wa historia mbadala angeweza kuyafanyia kazi: mashine za kusagia na masufuria 20,000 mwaka 1916. Yangeokoa watu wengi kuliko zepelini yoyote, na yangewafikisha Waingereza Ruvuma mapema.

Wasomaji wa bunilizi za kisayansi husema hapa kwamba angani hakuna wapagazi. Wapo, wanaitwa fueli. Mwaka 1903 Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule wa Kirusi, alichapisha mlinganyo unaosema jambo ambalo mnyapara yeyote wa msafara angelielewa: roketi hubeba fueli ya kubebea fueli. Chukua injini inayotoa moshi kwa kasi ya kilomita 4.5 kwa sekunde, ambayo ni nzuri kwa haidrojeni na oksijeni. Ukitaka kuongeza mwendo kwa kilomita 9 kwa sekunde, asilimia 86 ya uzito wa chombo lazima iwe fueli. Ukitaka kilomita 18, kwa mfano kwa sababu unataka pia kufunga breki ukifika, ni asilimia 98. Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, iliondoka ardhini ikiwa na tani 2,900 hivi na ikaelekeza mwezini tani 45 hivi. Ni mpagazi aliyekula karibu mzigo wote njiani.

Na dawa ni ile ile ya vituo. Kuiacha hatua tupu ya roketi ianguke, au kujaza fueli kwenye obiti, ni kukataa kubeba posho ya kurudia tangu mwanzo. Ndiyo maana kundi la meli za kivita linalotoka sayari moja, linapigana siku nne, linageuka na kufukuza adui hadi sayari nyingine bila kutaja fueli, halinishtui kwa ujasiri wake, linanichosha. Mwandishi amejinyima sehemu yenye msisimko. Jemadari anayejua kwamba akimfukuza adui hatakuwa na fueli ya kusimama ana uamuzi mgumu kuliko anayechagua kati ya mzinga wa leza na kombora. Wapo waandishi wanaoliweka hilo katikati ya hadithi, na kazi zao zinadumu kwa sababu hiyo.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina haki yake: hadithi si daftari la bohari, na msomaji hakununua riwaya ili ahesabu mifuko. Kwa riwaya nakubali nusu. Mwandishi akijua hesabu, hana haja ya kuionyesha. Itaonekana katika maamuzi ya wahusika. Kwa kitabu kinachojiita historia sikubali hata robo. Huwezi kudai kueleza kwa nini jeshi lilisimama Kondoa Irangi bila kutaja mvua, mbung'o na umbali wa reli, ukaishia kwenye tabia ya van Deventer.

Ukikutana na kitabu cha namna hii, maswali ya kuuliza ni machache. Reli au bandari ya mwisho iko wapi, na jeshi liko siku ngapi kutoka hapo? Walikula nini, kilipikwaje? Mzinga ulisogezwa na nani? Swali hili la mwisho linafaa sana kwa mizinga ya Königsberg. Manowari hiyo ilizamishwa delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ikatolewa na kuwekwa magurudumu, na vitabu vinasifu mafundi wa Kijerumani walioitengeneza. Wanastahili sifa. Ila mizinga hiyo ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu, kupita mabonde na mito, kwa miezi. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, unaweza kwenda kuugusa na kukisia uzito.

Sanamu za ukumbusho nazo zinasoma tofauti. Ya Dar es Salaam, iliyosimikwa 1927, ina askari mmoja na bunduki yenye singe. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kuna kisa kinachopendwa, kwamba miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi ilipotuma mtu Mwanza kuwalipa askari wazee malimbikizo yao, wasio na hati walipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, wakalifanya bila kosa. Kiwe kweli kama kinavyosimuliwa au kimeongezwa chumvi, anayelipwa ndani yake ni askari. Upande wa Waingereza, mishahara ya wapagazi waliokufa au kupotea bila jamaa zao kupatikana ilibaki serikalini. Watkins na wengine walidai miaka mingi itumike kwa manufaa ya wilaya walikotoka. Walikataliwa, na sehemu ya sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba majina hayakuandikwa vizuri.